Ugali wa Kwanza Kwenye Gari-Nyumba

Tumemzika shangazi Matrida kule Mwimbi, na kabla udongo wa kaburi haujakauka watu walikuwa wameshaanza kunicheka. Sisemi walikosa adabu. Msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi huwa na nafasi ya kucheka, na shangazi mwenyewe angecheka kuliko wote. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai, upepo wa Ufipa unapenya kila mahali, sufuria za maharage zinachemka upande wa wanawake, na baba mdogo Sabas, ambaye uzee haujampunguzia sauti, akawaambia vijana waliotoka mjini: "Huyu mnayemwona na miwani, huyu Leokadia, aliwahi kutuletea nyumba yenye magurudumu. Shangazi yake akaingia na jiko la mkaa. Nyumba ikalia kama mbuzi!" Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Shangazi Leo, kumbe ulikuwa noma." Nikatabasamu kwa sababu ya msiba. Lakini moyoni nilichukia, kama ninavyochukia kila mara hadithi hiyo inaposimuliwa, kwa sababu siku zote wanaanzia kwenye moshi na kuishia kwenye kuku, na hakuna anayesema nilikuwa natafuta nini. Basi nitaieleza mwenyewe, kwa mpangilio, kama mtu aliyesoma.

Na nimesoma. Nina stashahada ya utalii, nimeipata Arusha kwa kujilipia mwenyewe, nikifua mashuka ya hoteli mchana na kusoma jioni. Wakati wenzangu wa rika moja wanaogopa hata kupanda ngazi ya umeme, mimi nilikuwa najua kuwaongoza Wajerumani na kuwatofautishia pofu na tandala. Nilikuwa msichana wa kwanza kutoka kwetu kushika usukani wa gari la wageni, na kama yupo aliyenitangulia ajitokeze. Mwaka ninaousema, lami haikuwa imefika Sumbawanga. Kutoka Tunduma ilikuwa vumbi tupu kiangazi na tope tupu masika, na watalii wote wa nchi hii walikuwa wanaishia kaskazini kana kwamba Mungu alichoka kuumba alipofika huku. Mimi nilijua tuna maporomoko ya Kalambo, yanayodondoka mpaka shingo inakuuma kuyatazama. Nilijua tuna zile tanuru za kale za kuyeyushia chuma, ndefu kuliko mtu, zimesimama katikati ya mashamba ya watu na mbuzi wanajikuna kwazo. Nilijua Katavi kuna viboko wanaobanana kwenye tope kama watu kwenye mnada. Niliyasema hayo ofisini kila wiki, mpaka tajiri wa kampuni akachoka kunisikia. Akasema sawa, chukua lile gari-nyumba tulilonunua kwa wale wazungu, nenda na meneja, mzunguke, na meneja akiridhika tutafungua ofisi Sumbawanga na wewe ndiye utakayeiongoza. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta. Ofisi yenye jina la kampuni mlangoni, Sumbawanga mjini, na mimi ndani yake.

Lile gari lilikuwa jeupe, refu kama Fuso, na ndani lilikuwa na kila kitu. Vitanda viwili, kimoja juu ya kichwa cha dereva na kingine nyuma kikiwa na pazia la maua ya njano. Sinki. Friji inayofika kiunoni. Jiko la gesi lenye sehemu mbili za kupikia. Choo chembamba kama kabati, ambacho meneja alikitumia akitoka ananung'unika kwamba magoti hayana pa kwenda. Sakafu ilikuwa ya plastiki inayong'aa, na mimi niliipiga deki kila asubuhi tangu Iringa, kwa sababu niliona kama ni sakafu ya ofisi yangu. Meneja alikuwa anaitwa Elisante, mtu wa kaskazini, mpole, mwenye koti la kijani lenye mifuko mingi, na neno lake alilolipenda lilikuwa "ratiba". Tulipokuwa tunakula chipsi mayai pale Tunduma aliniambia, "Dada Leo, njia hii ikitupa tulichopanga kwa saa tulizopanga, mimi nitasema ndiyo. Sitaki zaidi ya hapo." Nikamwambia atapewa na nyongeza.

Halafu nikapiga simu nyumbani. Hapa ndipo baba mdogo anapopindisha. Anasema nilitangaza kwamba nimejenga. Sikusema hivyo. Nilimpigia yeye, kwa sababu yeye peke yake Mpui alikuwa na simu, na ili apate mtandao ilimbidi apande kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, na akishapanda anaongea kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeko Mbeya bila simu. Nikamwambia, "Baba mdogo, kesho napita. Nakuja na nyumba yangu." Nilimaanisha nalala humo, napika humo, sihitaji kuandaliwa kitanda. Mtu yeyote aliyesafiri angeelewa. Yeye juu ya kichuguu akarudia kwa nguvu zote: "Leokadia anakuja na nyumba yake!" Na Mpui nzima, iliyokuwa inavuna mahindi, ikasikia.

Kwetu, katika ukoo wetu, mtu wenu akipata nyumba hamwendi kuitazama mikono mitupu. Mnaenda na vitu vya kuanzia maisha. Tulipofika Mpui nilikuwa nimepanga tusimame kando ya tanuru moja iliyo karibu na barabara, Elisante apige picha, nimweleze historia, tuondoke. Nilikuwa nimeanza vizuri. Nimemwonyesha matundu ya chini walipokuwa wanapuliza moto, ameshatoa kamera, anasema "hiki kitu kinauzika", mara nikaona watu wanakuja kutoka kwenye mashamba kwa mstari, baba mdogo mbele. Mwanamke ana kinu kichwani. Mwingine ana mkeka. Mzee mmoja amebeba jogoo na tetea waliofungwa miguu kwa kamba moja. Wakalifikia gari, wakalizunguka, wakaligonga mabati. "Hodi!" Nikasema karibu, maana ningesema nini? Wakavua ndala kwenye ngazi, wakaingia, wakakaa. Walikaa kwenye vitanda, kwenye kochi, kwenye kiti cha dereva. Mama mmoja akafungua friji, akaweka mkono ndani, akasema, "Ehe, ina kipupwe chake humu." Baba mdogo akamshika Elisante bega: "Wewe ndiye fundi?" Elisante akajibu kwamba yeye ni meneja. "Umeijenga vizuri," baba mdogo akamwambia, "ila paa liko chini."

Saa ya tanuru ikapita. Tulipoondoka, nyuma ya gari kulikuwa na kinu, mikeka, debe la ulezi, na kuku wanaojinyea kwenye sakafu yangu. Tulikwenda hivyo mpaka tukaona taa za Sumbawanga. Halafu Elisante akauliza kwa upole, "Dada, hawa kuku wako kwenye ratiba?" Nikamwambia tutawaacha Chanji, mtaa wa pale pale mjini, kwa rafiki yangu. Asubuhi rafiki yangu alikuwa amesafiri. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule. Kila nilichokishika kilikuwa kimewahiwa na jambo lingine.

Shangazi Matrida alikuwa na haki yake, na hiyo nilikuwa naijua. Dada wa baba ndiye anayepika ugali wa kwanza katika nyumba ya mtoto wa kaka yake. Kabla hajapika, mgeni hali humo. Nilikuwa nimeamua nisipite kwake Mwimbi, nitoke Matai nishike moja kwa moja njia ya Kalambo, nimtumie shangazi salamu. Lakini habari za kichuguu zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Tulipoingia Matai alikuwa amesimama kando ya barabara tangu asubuhi, amevaa vitenge viwili vipya kwa ajili ya baridi, ana jiko la mkaa mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, na miguuni ana kikapu. Nikasimamisha gari. Ningempita?

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, shangazi, lakini tuna haraka, tunawahi maporomoko kabla jua halijaondoka."

"Maporomoko yalikuwepo nilipozaliwa," akasema, na kuanza kupanda ngazi. Akasimama katikati ya gari, akatazama juu, akatazama chini, akakagua pazia kwa vidole viwili. "Jikoni wapi?" Nikamwonyesha jiko la gesi, nikaliwasha kwa fahari. Akautazama ule moto wa bluu kwa muda. "Hauna majivu," akasema. "Mwanangu, hapa hapajapikwa kitu." Akatua jiko lake la mkaa katikati ya ile sakafu inayong'aa. Elisante alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Shangazi akamwinulia mwiko. "Baba, shikamoo yako nimeipokea. Ila usiingie bado. Utaitwa."

Meneja wa kampuni, mwenye kibali cha gari mfukoni, akashuka akakaa juu ya jiwe. Mimi nilibaki ndani, katikati ya wawili hao, na nikiwakumbuka hivi sasa bado nasikia joto la hasira usoni. Nilimwambia shangazi kwamba maisha yangu yako juu ya jiwe pale nje. Nilimwambia kuna ofisi. Nilimwambia kila dakika ina maana. Akanijibu huku anapepea mkaa kwa sahani ya plastiki: "Kaa chini. Maji hayajachemka." Ndipo kile kidude cha darini cha kuhisi moshi kikaanza kulia. Kilikuwa na sauti ya kutoboa meno. Kuku wakakata kamba, mmoja akaruka mpaka kwenye usukani, watoto wa Matai wakakimbia kutoka kila upande, na shangazi, bila kugeuka, akasema, "Inashangilia." Hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda msibani. Mimi nilikuwa juu ya kiti nakipiga kidude kwa kandambili.

Ugali ulikuwa wa ulezi, mwekundu, mzito, na maharage, na migebuka mikavu iliyotoka ziwani. Elisante akaitwa, akanawa, akala. Akaongeza. Shangazi akamkatia tonge jingine; meneja akaongeza tena, akalamba vidole, akasema tangu azaliwe hajala samaki kama yule. Ndiyo maana mpaka leo sielewi. Mtu anawezaje kula vile halafu akaandika alichoandika? Tulipomaliza, nikamwambia shangazi ashuke tumwache salama. Akashangaa. "Nishuke wapi? Nyumba haijatulia. Ikitulia nitashuka." Akapanda kitanda cha nyuma, akavuta pazia la maua, akalala.

Kalambo tulifika giza limeshaingia kwenye korongo. Siku hizi kuna ngazi za kuteremkia, enzi zile ilikuwa njia ya mbuzi, na mwenyeji aliyetupokea akakataa kata kata kuteremka saa ile. Tukasimama juu, tunausikia mvumo unatoka chini, nyasi zimelowa, na mimi naeleza. Nilieleza vizuri sana, nafikiri sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Urefu, mpaka wa nchi mbili, ndege wanaotaga kwenye kuta za mwamba. "Unasikia?" nikamuuliza Elisante.

"Nasikia, dada. Mtalii halipii kusikia."

Tukalala pale pale. Asubuhi nilitoka nikakuta korongo limejaa ukungu mpaka mdomoni, kama bakuli la uji. Ukungu ule kwa kawaida huondoka jua likipanda kidogo. Nilimwomba Elisante tusubiri. Akafungua mkoba wake, akatazama ratiba, akasema askari wa Katavi wanatungojea na njia ni ndefu. Shangazi alikuwa ameshakoka mkaa nje anachemsha chai, kuku wanaokota punje pembeni. Kwa mbali, wote wawili walionekana wametulia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nagombana na ukungu.

Tukashika njia ya kwenda Katavi, tukalala Namanyere, na kesho yake tukafika lango la hifadhi vumbi limetufanya sote rangi moja. Nilijua hapa nitamaliza. Viboko hawana ukungu. Askari wa hifadhi akaja, kijana nadhifu, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, jogoo akamtazama. "Kuku hawaingii hifadhini," akasema. Nilikuwa naijua sheria hiyo. Nimeifanyia mtihani! Lakini kuku walikuwa wamekaa nasi mpaka nikaacha kuwaona, kama mtu anavyoacha kuuona mto wake mwenyewe wa kulalia.

"Wauze hapa," Elisante akasema.

"Kuku wa nyumba hauzwi," shangazi akajibu kutoka kitandani.

"Basi wachinje, mama."

"Kwa sherehe ipi? Nyumba haijatulia."

"Mama, shuka nao basi, utungoje hapa kivulini."

"Na nyumba ikiondoka bila mimi, ni nyumba ya nani?"

Askari akaanza kutabasamu, na nilipoona lile tabasamu nikajua mambo yameharibika. Elisante akavuta pumzi. Akachukua kamera yake na koti lake la mifuko, akaomba kiti kwenye gari la askari, akaingia hifadhini bila mimi. Bila mimi, niliyeipanga njia ile kwa miaka. Nikabaki langoni na shangazi, kinu, mikeka na kuku. Kutoka mtoni tuliwasikia viboko wanakoroma na kuguna kama watu wanaosukuma kabati zito. Shangazi akanimenyea muwa.

"Kwani unataka nini hasa, Leokadia?"

"Nataka ofisi, shangazi. Sumbawanga. Nataka nirudi nyumbani nikiwa na kazi yangu."

Akatafuna, akatema. "Si umesharudi?"

Nilitaka kulia. Nikala muwa.

Elisante alirudi jioni uso unang'aa, ameona viboko, twiga, na simba chini ya mti. Akanishukuru. Tulipomrudisha shangazi Matai, na kinu na mikeka na kuku, Elisante akampa mkono kwa heshima, na shangazi akamfungia migebuka kwenye gazeti. Elisante akaliendesha gari mpaka Arusha. Mimi nilikuwa nimeomba likizo, nikapanga chumba Chanji kusubiri jibu, kwa kuwa nilikuwa na hakika. Nilichagua hata ukuta wa kuning'iniza ramani. Mvua zikaanza, mahindi yakapandwa, nikanunua viti viwili vya wageni, na bado nasubiri, naitazama simu iliyo dirishani mahali pekee penye mtandao. Majirani walikuwa wakiniuliza, "Dada wa Arusha, hurudi?" Nilikuwa nawaambia nimehamishiwa huku. Jibu lilikuja maharage yanachanua. "Njia ni nzuri sana, dada Leo," Elisante akasema. "Nimeandika hivyo. Lakini nimeandika pia kwamba wewe una watu wengi mno. Mgeni akilipia pori, hataki ndugu. Tukifungua huko, tutampeleka mtu asiye na kwao huko." Nikamwambia alikula ugali akaongeza. Akasema ni kweli, na kwamba bado anaukumbuka. Kisha mtandao ukakatika, na sikupanda kichuguu chochote kuutafuta.

Sikurudi Arusha. Wanaosema nilifukuzwa wanasema uongo. Niliandika barua ya kuacha kazi kwa Kiingereza safi. Nilianza na kile chumba cha Chanji na vile viti viwili, nikapika chapati, nikauza, nikachoma matofali yangu mwenyewe, na leo nina nyumba ya wageni yenye maji ya moto, ambayo hata wazungu wa baiskeli wanaotoka Zambia wanaijua kwa jina. Hakuna aliyenishika mkono. Siku ya kuifungua nilimtuma mtu Mwimbi kumleta shangazi kwa gari la kukodi, siti ya mbele. Nilikuwa nimemnunulia sufuria mpya na mwiko mpya, na nje nimemwekea mafiga matatu ili apate majivu yake. Wageni walikuwa wamejaa. Padri alikuwepo. Shangazi akakagua vyumba vyote, akapapasa mapazia, akasifu vyoo. Halafu akakaa kwenye kochi, akakunja mikono.

"Shangazi, moto uko tayari."

"Wa nini?"

"Ugali wa kwanza."

"Nilishapika," akasema. "Mtu hapikiwi mara mbili."

"Ile haikuwa yangu, shangazi! Ilikuwa ya kampuni!"

"Ulisema yako. Sabas alikuwa juu ya kichuguu, tulisikia wote."

Nilimbembeleza mbele ya padri. Hakunyanyuka. Ugali ule ulipikwa na mpishi niliyemwajiri, na kila mwaka nilipokwenda Mwimbi kumwona nilirudia ombi langu, na kila mwaka alinijibu vile vile, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto jina lake. Sasa amekufa, na hilo halina rufaa tena. Nimejenga vyumba vyote vile na ugali wangu uko Arusha, au popote walikolitupa gari lile, na kama sakafu yake ipo bado, ina duara jeusi katikati lililoachwa na jiko la mkaa.

Nilipotoka msibani, simu ililia nikiwa bado Matai. Alikuwa Oresti, mtoto wa kaka yangu, anayeendesha bajaji mjini. "Shangazi, nimepata nyumba," akasema. Nyumba ni vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko, bati linavuja, dirisha moja halifunguki. Niliviona kesho yake. Alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa bajaji unazunguka kidoleni, na jirani yake amekaa juu ya ndoo nje, ananusa. Oresti alikuwa amewasha jiko la gesi ili kunirahisishia. Nililizima. Nikatua la mkaa nililokuja nalo, nikapepea, nikaketi kwenye kigoda na gauni langu la msibani.

"Shangazi, nina abiria ananisubiri kituoni, anawahi basi la Mbeya," akasema. "Akikosa, ananihama. Hatuwezi kufanya haraka?"

"Kaa chini," nikamwambia. "Maji hayajachemka."